Kabla hujalala hemani mlimani, uliza wagumu watalala wapi

Ndugu Mhariri,

Wiki chache zilizopita ulichapa barua ya msomaji wa Dar es Salaam aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame pamoja na wafanyakazi wenzake, akawasihi Watanzania tuache kuwaachia wageni mlima wetu. Aliandika vizuri. Alisimulia nyota za kambi ya Shira, kwamba ukitoa kichwa nje ya hema usiku wa manane unaona kama zimeshuka kukuchungulia. Mjukuu wangu alinisomea barua hiyo nikiwa namenya ndizi, nikamwambia arudie pale kwenye nyota. Nyota hizo nimezitazama kwa miaka 24 na sikuwahi kupata maneno ya kuzisema namna ile.

Kisha akafika mahali msomaji huyo anapoeleza kwamba kila siku, walipoingia kambini wamechoka, walikuta mahema yameshasimama na chai iko tayari. Hapo nikamwambia mjukuu anitafutie karatasi. Mahema hayaoti kama uyoga, na ile chai inawezekana kabisa niliyemfundisha kuipika ni mimi.

Nilianza kupanda mwaka 1990 nikiwa mgumu. Karatasi za langoni zinatuita wapagazi, lakini sisi wenyewe tunaitana wagumu, na jina hilo nitalirudia kwa sababu lina mambo yake. Nilibeba kwa miaka mitano, halafu mpishi mmoja wa Kibosho akanichukua niwe msaidizi wake jikoni, na jikoni nikabaki mpaka 2014 magoti yalipokataa mteremko wa Mweka, njia tunayoshukia. Anayeujua mteremko ule hatauliza kwa nini. Sasa niko kihambani, yaani shambani kwangu Machame, na kahawa na ng'ombe wawili, na asubuhi mawingu yakiondoka namwona Kibo, kile kilele kikuu cha mlima, kutoka mlangoni. Sina ugomvi naye.

Kwa wasiojua, niwaeleze kambi inavyosimama. Mgeni anatoka asubuhi na mwongozaji wake, pole pole, anapiga picha, anakunywa maji. Nyuma yake wagumu wanang'oa mahema, wanakunja, wanafunga na kuosha vyombo, halafu wanamfukuzia na kumpita njiani wakiwa na mzigo kichwani au mabegani. Wanakimbilia nafasi. Kambi ya Barranco kwa mfano ipo bondeni, chini ya ule ukuta wa mawe unaopandwa kesho yake kwa mikono na miguu. Sehemu zilizo tambarare si nyingi, na msimu wa Julai na Agosti makundi ni mengi, kwa hiyo atakayechelewa mgeni wake atalala ameteleza mpaka mlangoni. Kijana anatupa mzigo chini kuonyesha kwamba hapa pana mwenyewe, ndipo anapumua. Baada ya hapo mahema ya wageni yanasimamishwa, la kulia chakula linafuata, kisha jiko. Wengine wanateremka mtoni na madumu. Mimi nawasha gesi. Kuni ni marufuku mlimani, na ni sawa zipigwe marufuku, maana tungekuwa tumeshaimaliza misitu ya mikoko ile ya ajabu iliyosimama pale Barranco kama watu waliovaa makoti. Najua si mikoko, ni jina tu tulilokuwa tunaiita kwa utani. Wataalamu wana jina lao refu. Saa kumi jioni mgeni anapofika anapewa beseni la maji ya moto anawe uso, bisi kwenye bakuli, chai, na maziwa ya unga. Anasema, "Asante sana," na anasema kwa moyo.

Sasa lile hema la kulia chakula, sisi tunaliita mesi, ndilo nililotaka kuliandikia.

Ndani ya mesi kuna meza, viti vya kukunja, taa inayoning'inia na kitambaa cha meza. Wageni wanaingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Wanakunywa supu. Wanakula. Mwongozaji anaingia kuwapima oksijeni kwa kile kidude cha kubana kidoleni, anawaambia habari za kesho, wanauliza maswali. Wakiwa wachovu wanaondoka saa mbili. Wakiwa wachangamfu, au ikiwa kuna mvua na hakuna anayetamani kutoka, wanacheza karata mpaka saa tatu na nusu.

Katika makundi niliyofanya nayo kazi kwa miaka mingi, mesi ndiyo ilikuwa chumba cha kulala cha wagumu. Wageni wakitoka, meza inakunjwa, viti vinatolewa nje, na vijana 10 au 12 wanaingia kulala ubavu kwa ubavu kama dagaa wa kwenye fungu. Mmoja akigeuka wote wanageuka. Mahema mengi ya aina hiyo hayana sakafu iliyoshonwa na kuta. Unatandika turubai, na mvua ikinyesha maji yanapita chini yake yakitafuta njia ya kwenda Moshi. Pumzi za watu 12 zinapanda juu, zinagonga paa la baridi, zinarudi matone. Alfajiri saa kumi na moja na nusu unawaamsha, maana meza inatakiwa irudi ndani kabla mgeni hajaamka. Viti vilivyolala nje vina barafu nyeupe juu ya kitambaa. Nimevifuta viti hivyo kwa taulo ya jikoni mara nyingi sana ili mgeni asishtuke akikaa.

Kwa hiyo tangu jua linapozama mpaka mgeni wa mwisho anaposema usiku mwema, mgumu anakuwa hana pa kukaa. Anasimama. Anajibanza kwenye jiwe, anaingiza mikono kwapani, anazunguka jiko langu kama paka. Amefika saa nane mchana akiwa na jasho, jasho limemkaukia mwilini. Kwenye mita 3,800 jua likishazama baridi haingoji mtu avae.

Nisiwe mnafiki. Miaka niliyopika mimi nilikuwa nalala jikoni. Mpishi na msaidizi wake wanalala katika hema la jiko, penye mabaki ya joto, ingawa hapo pana hatari yake: jiko la gesi likiachwa linawaka ndani ya hema lililofungwa, mnaweza msiamke. Nilikuwa nazima, nafungua mlango kidogo, nalala. Nililala vizuri miaka hiyo yote. Kwa hiyo mengi ninayoyaeleza si yaliyonipata mimi. Ni yale niliyoyaona nikiwa nimekaa penye joto.

Novemba 2011, mvua za vuli. Tulikuwa na wageni wanne, baba na mama na watoto wao wawili vijana, watu wa Ulaya. Sisi tulikuwa 16: mwongozaji na msaidizi wake, mimi, na wagumu 13, mmoja wao akiwa msaidizi wangu jikoni. Siku ya pili, kutoka kambi ya Machame kwenda Shira, ilinyesha tangu saa tatu asubuhi. Njia ile ni ya kupanda mawe, na siku ya mvua inakuwa kijito. Vijana walifika Shira wamelowa mpaka ndani ya viatu. Wengi wao nguo zao ni za mitumba za pale soko la Memorial, Moshi, jinzi, sweta la pamba, koti zuri kwa macho lakini maji yanaingia kama kwenye chujio. Pamba ikilowa mlimani haikauki, inakuwa kama umevaa mto.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Uru, safari yake ya pili. Alikuwa mwembamba na mwenye maneno mengi ya kuchekesha. Mzigo wake ulikuwa begi la mmoja wa wale watoto wa mgeni. Blanketi lake mwenyewe alilifunga juu ya mzigo ndani ya mfuko wa rambo, na mfuko ulichanika kwenye miba. Sikuyajua hayo mchana. Niliyajua baadaye.

Saa mbili usiku alikuja mlangoni pa jiko. Akasema, "Mzee, naomba nijikunyate hapo kwenye kona kidogo." Jiko lilikuwa limejaa: sufuria, mayai, unga, mizigo ya chakula niliyoiingiza ndani kwa ajili ya mvua, na msaidizi wangu alikuwa anakaanga samaki. Tena mwongozaji alikuwa ameshakataza watu kujazana jikoni kwa sababu wiki moja kabla, kundi jingine, mtu alimwaga maji yanayochemka. Nikamwambia, "Vumilia, mdogo wangu, mesi inafunguliwa sasa hivi." Nikampa kikombe cha chai. Akaondoka.

Mesi haikufunguliwa sasa hivi. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya yule mtoto wa kike na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwokea keki ndani ya sufuria, kazi niliyokuwa najivunia sana. Wagumu sita waliingia kuimba, wakapiga makofi, wakatoka. Wageni wakabaki na karata. Kutoka jikoni nilikuwa nasikia wanavyocheka. Hawakuwa watu wabaya, nasisitiza hapo. Mama yule alikuwa anawauliza vijana majina yao na kuyakumbuka.

Saa tatu na kitu mgumu mmoja alikuja kuniambia kwamba yule wa Uru anasema maneno hayaeleweki. Nikatoka na tochi. Alikuwa amekaa nyuma ya mesi, upande usio na upepo, mgongo kwenye kitambaa cha hema, yaani kati yake na wale wageni kulikuwa na nailoni tu. Alikuwa hatetemeki. Waliokaa mlimani wanajua maana yake. Mtu wa baridi akitetemeka bado anapigana. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, mwili umeanza kusalimu amri. Nilimuita, akaniita mama.

Tulimbeba jikoni. Kona ile ile niliyosema haina nafasi ilipata nafasi kwa dakika moja; mayai tuliyatoa nje na hakuna lililovunjika. Tukamvua vyote vilivyolowa, tukamkausha, msaidizi wangu akavua fulana na kumkumbatia ngozi kwa ngozi ndani ya mfuko wangu wa kulalia. Chupa za plastiki za wageni tukazijaza maji ya moto, tukazivisha soksi ili zisimuunguze, kwapani na kwenye mapaja. Mtu mmoja alileta kichupa cha pombe kali akidhani anasaidia, nikakitupia nje. Pombe inadanganya ngozi tu na joto la ndani linazidi kutoka. Alipoanza kujibu vizuri ndipo tukampa maji ya uvuguvugu yenye sukari nyingi, kijiko kwa kijiko. Kwenye saa sita alianza kutetemeka upya, kwa nguvu, meno yanagongana kama kete kwenye bao, na mwongozaji wetu, mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, akageukia ukutani akajifuta macho. Kulipopambazuka vijana wanne walimshusha wakipokezana.

Alipona. Leo anaendesha bodaboda Kwa Sadala na akinibeba hachukui nauli. Mlima hakuurudia tena.

Asubuhi ile yule mama wa kizungu alipoambiwa, alilia. Akamuuliza mwongozaji kwa nini hamkusema? Tungeondoka mezani tangu jioni! Mwongozaji akatafsiri swali lile kwa Kichaga badala ya Kiswahili, sijui kwa nini, labda aibu ina lugha yake. Hakuna aliyejibu. Nani angeingia na kuwaambia watu waliolipa fedha nyingi, wanaosherehekea siku ya mtoto wao, kwamba tokeni, wenye chumba wanataka kulala? Bakshishi inatolewa siku ya mwisho, na mgumu anayejulikana kwa kulalamika haitwi safari ijayo.

Huku kwetu watoto wote husimuliwa habari za vilele viwili, Kibo na Mawenzi. Mawenzi moto wake ulizimika, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa. Kibo akampa, akamkaribisha na chakula. Njiani Mawenzi akautupa moto makusudi, akarudi kuomba tena, na tena, mpaka Kibo akakasirika akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi mpaka leo ana kichwa kilichopasukapasuka. Bibi yangu alikuwa akisimulia, sisi watoto tulimcheka Mawenzi kwa ujanja wake. Tangu usiku ule wa Shira hadithi hiyo siicheki. Yule kijana hakutupa moto wowote.

Sasa jina. Mgumu. Tumelichagua wenyewe na tunalipenda. Ukimwita kijana mpagazi anakuona umetoka ofisini. Lakini ndilo linalotuponza. Niliwahi kumwambia tajiri mmoja wa kampuni, simtaji na kampuni yake simtajii, kwamba vijana wanahitaji mahema yao. Alicheka akasema, "Mzee, hao si ni wagumu?" Hakuwa anatania. Wageni nao wanaambiwa hivyo hivyo: hawa wamezaliwa hapa, wamezoea. Nimezaliwa Machame, penye migomba. Hakuna Mchaga aliyezaliwa Barafu. Kambi ya Barafu ipo juu ya mita 4,600, hakuna mti, hakuna hata maji, ya kupikia tunayabeba kutoka bonde la Karanga. Huko nasi tunakwenda kama wageni, tofauti ni kwamba hatuna makoti.

Ndugu Mhariri, nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hii ndiyo ninayotaka wasomaji waione. Hema la watu wanne tulilokuwa tunapanda nalo lilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi. Kundi kama lile letu lingehitaji mahema matatu kwa wagumu 13, mmoja akijibana kwa mpishi. Hiyo ni kilo 21. Mzigo wa mgumu unaokubalika ni kilo 20. Kwa hiyo ugomvi wote huu, baridi yote ile, ni mgumu mmoja zaidi na kilo moja ya kugawana. Wakati naacha kazi, kampuni zilizokuwa zikilipa vizuri zilimpa mgumu shilingi 20,000 kwa siku, na zipo zilizolipa chini ya hapo. Siku sita ni 120,000. Gawa kwa wageni wanne, kila mmoja 30,000. Weka juu yake chakula chake na kiingilio chake, hata ukiongeza mara mbili bado ni fedha ambayo mgeni wa namna ile anaiacha hotelini mjini kwa vinywaji usiku wa kuamkia safari. Mahema yenyewe yananunuliwa mara moja yanatumika misimu kadhaa.

Langoni kuna mizani. Mizigo inapimwa moja moja, na jambo hilo limeokoa migongo ya watu. Wazee waliopanda miaka ya nyuma watawaambia walivyokuwa wakibeba. (Nikiri kwamba tulikuwa na ujanja wetu. Makopo yaliyozidi yalivuka lango mfukoni mwa mtu mwingine na kurudi kwa mwenyewe kwenye kona ya kwanza. Nimefanya, sijivuni.) Mimi nasema mizani hiyo hiyo, mahali hapo hapo, mtu mmoja mwenye daftari angeuliza maswali mawili: wagumu wangapi, na mahema yao yako kwenye mzigo upi? Siku zangu sikuwahi kuulizwa. Kama utaratibu huo umeanza siku hizi nitafurahi kusahihishwa. Lakini vijana wanaopita hapa nyumbani kunisalimia wakishuka bado wananiambia wamelala mesi, na mmoja alinionyesha kikohozi.

Nikirudi kwa yule msomaji wa Dar es Salaam. Namuunga mkono kabisa, Watanzania pandeni. Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge pale juu usiku wa Uhuru mwaka 1961, tulisoma darasani, lakini wengi wetu tunauona mlima kwenye chupa za maji tu. Kila mwaka karibu na tarehe 9 Desemba makundi ya wazalendo huja, na mimi niliwapikia mara kadhaa. Ni raha kuwapikia. Mzungu ukimpa ugali anauchungulia; Mtanzania anauliza kama pilipili imeisha. Usiku wa kileleni Mzungu hali kitu, Mtanzania anataka uji wa moto, na ana haki, uji ndio unaopandisha watu.

Hata hivyo kuna jambo nitalisema ingawa litaniudhia marafiki. Makundi yetu ya ndani yanabana bei kuliko wageni wa nje. Mnajadiliana mpaka tajiri anakubali, nanyi mnadhani mmeshinda. Kampuni ikibanwa haikati supu ya mgeni. Inakata pale ambapo mgeni haoni. Vijana waliowabebea ninyi wenyewe kwa wenyewe wa nchi moja, inawezekana walilala kwenye turubai lililolowa kuliko waliombebea Mjerumani.

Na ninyi mna kitu ambacho yule mama wa kizungu hakuwa nacho. Mnasikia Kiswahili. Ukiwa umekaa mesini baada ya kula, nyamaza kidogo, sikiliza nje ya nailoni. Utasikia watu wanapiga miguu chini, utasikia mtu anasema, "Hawa jamani hawalali?" Mgeni wa Ulaya akisikia hivyo anadhani tunaimba. Wewe huna udhuru huo. Toka, kalale, nyota zipo na nje pia.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye kampuni mambo machache kwa Kiswahili chako cha kawaida. Wagumu watalala wapi, na mahema hayo ni mangapi? Kila mmoja ana mfuko wa kulalia na kitu cha kutandika chini? Akianza kuzunguka na maneno ya "hilo tunalo, usijali", mwambie akuonyeshe. Ni nailoni na vijiti, hayafichiki. Ukifika kambi ya kwanza, kabla ya bisi, zunguka uhesabu. Kama mahema hayapo, bado mpo karibu na lango na kuna mtandao wa simu maeneo mengine, piga ofisini siku hiyo hiyo, usingoje siku ya mwisho uandike malalamiko. Na kama unataka kuwapa vijana nguo, usiwape siku ya kushuka ili upige nao picha langoni. Koti lina kazi Barafu. Pale Mweka, penye joto na soda, litauzwa kesho yake Memorial, na mimi simlaumu anayeliuza, ada za shule hazivai koti.

Kuhusu takataka na vyoo, ambavyo msomaji wako aligusia kwa kutulaumu sisi, nitaandika siku nyingine kama utanipa nafasi. Ni habari ndefu, na kunguru wale wa shingo nyeupe nao wana sehemu yao.

Mjukuu wangu, huyu huyu anayenisomea gazeti, amemaliza kidato cha nne na Juni anataka kuanza kupanda. Mama yake hataki. Mimi sikumkataza, mlima ulinijengea nyumba hii na kumsomesha huyo mama yake. Jumamosi iliyopita tulikwenda naye Memorial, tukapekua mpaka tukapata mfuko wa kulalia mzito, zipu nzima, muuzaji alianzia 80,000 tukamaliza kwa 55,000. Tumenunua na soksi mbili za sufu na mfuko wa plastiki ngumu wa kufungia vyote visilowe. Amejipima navyo, kilo 5 na nusu. Kampuni iliyomwita nimewapigia simu mara mbili kuwauliza kuhusu hema. Mara ya kwanza walisema watanijibu. Mara ya pili dada aliyepokea aliniuliza, mzee, wewe ni mgeni wa safari ipi?

Mpishi mstaafu wa mlimani,
Machame, Hai
(Jina langu kamili analo mhariri)